Tezi ya Shingo Inapolegea: Kwa Nini Figo Hupunguza Kazi

Katika vitabu vya elimu ya viumbe, viungo vya mwili hufundishwa kila kimoja katika sura yake: moyo mbali, figo mbali, tezi mbali. Mpango huo humfaa mwalimu katika kupanga vipindi, lakini mwili wenyewe haukugawanywa kwa sura. Kiungo kidogo kilichopo shingoni, chenye uzito wa gramu 15 hadi 25 tu kwa mtu mzima, chaweza kupunguza kazi ya figo zilizoko nyuma ya tumbo bila figo hizo kuwa na jeraha, mawe wala vijidudu. Damu ya mgonjwa ikipimwa, figo huonekana kana kwamba zinakufa. Kumbe zimepungukiwa na damu na amri tu. Tofauti ya hali hizi mbili ni kubwa. Figo iliyojaa makovu hairudi katika hali yake ya kwanza, bali figo iliyozubaa kwa kukosa homoni ya tezi mara nyingi huamka pindi homoni hiyo irudishwapo.

Chukua mfano wa mama wa makamo, mkazi wa Nguvumali katika Jiji la Tanga. Kwa miezi mingi amekuwa mchovu. Huona baridi hata wakati wa kaskazi, majirani wanapojipepea vibarazani. Ngozi yake imekauka, sauti imekuwa nzito, choo kimekuwa kigumu, na kila aamkapo uso umemvimba. Wengine humwambia kuwa ni umri. Wengine, kwa kuuona uvimbe wa uso, husema ni figo. Anapimwa damu, na kipimo cha figo chatoka kibaya. Je, ugonjwa wake uko figoni? Ili kulijibu swali hilo sharti kwanza ifahamike kazi ya tezi, kisha kazi ya figo, na hatimaye njia zinazoviunganisha viungo hivi viwili.

TEZI NA HOMONI ZAKE

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, nayo ina umbo la kipepeo aliyekunjua mbawa zake. Kazi yake ni kutengeneza homoni kwa kutumia iodini, ambayo nchini Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la madini joto. Homoni kuu ni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo kila molekuli yake ina atomu nne za iodini. Ya pili ina atomu tatu, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Sehemu kubwa ya hiyo ya pili haitengenezwi shingoni, bali hupatikana baada ya ini, figo na viungo vingine kuiondolea thairoksini atomu moja. Hapa tayari figo imeonekana kuwa mshirika wa tezi.

Homoni hizi huamuru kasi ya shughuli za mwili mzima: uchomaji wa chakula, utoaji wa joto, mapigo ya moyo, mwendo wa utumbo, ukuaji wa mtoto na wa ubongo wake. Kiasi chake husimamiwa na tezi ya pituitari iliyopo chini ya ubongo. Homoni za thairoidi zikipungua katika damu, pituitari huongeza homoni yake ya kuisukuma thairoidi, ambayo hospitalini huandikwa kwa kifupi TSH, zikizidi, huipunguza. Kwa sababu hiyo, tezi ya shingo ikilegea, TSH huwa juu. Mganga akiona TSH iliyopanda na thairoksini iliyoshuka, amekwisha kuujua ugonjwa.

Sababu za kulegea kwa tezi ni nyingi. Mahali palipo na uhaba wa madini joto, uhaba huo ndio sababu kuu. Mahali pengine, askari wa mwili wenyewe huishambulia tezi kwa kudhani ni adui. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1912 na tabibu Mjapani Hakaru Hashimoto. Wengine tezi yao imeondolewa kwa upasuaji au imepunguzwa kwa tiba ya mionzi, na watoto wachache huzaliwa na tezi isiyokamilika.

KAZI YA FIGO

Figo mbili za binadamu hazifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hupokea takribani moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Moyo uliotulia ukisukuma lita 5 kwa dakika, basi lita 1 hivi huenda figoni. Kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kitita cha kapilari kiitwacho glomerulasi, ambacho kazi yake yafanana na ya kifumbu cha kuchujia tui: maji na vitu vidogo hupita, seli na protini kubwa hubaki.

Katika mtu mzima mwenye afya, umajimaji uchujwao ni kiasi cha mililita 125 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 1,440 za siku moja, nawe utapata lita 180. Lakini mkojo wa siku nzima ni lita moja na nusu tu. Maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 99 ya umajimaji huo hurudishwa katika damu na mirija ya nefroni. Jambo hili lafaa likumbukwe, kwa sababu laeleza kwa nini uchujaji waweza kupungua sana na mgonjwa asitambue: hata ukishuka hadi lita 108 kwa siku, mkojo waweza kubaki kiasi kile kile.

MFANO WA MAJI YA ZIGI

Maji yatumiwayo mjini Tanga hutoka katika Mto Zigi, ambao huanzia katika milima ya Usambara Mashariki. Hukusanywa katika bwawa la Mabayani, husukumwa kwa pampu hadi mtambo wa Mowe ambako husafishwa, kisha huletwa mjini. Tuseme siku moja maji yametoka haba bombani. Fundi asiye mwangalifu aweza kuamua mara moja kwamba machujio yameharibika. Fundi mwangalifu atauliza maswali mawili kwanza: je, pampu ina nguvu yake ya kawaida? Je, ipo koki njiani iliyofungwa nusu? Ikiwa pampu imedhoofika na koki imebanwa, basi hata chujio jipya halitatoa maji ya kutosha.

Mwilini, pampu ni moyo, koki ni mishipa midogo iingizayo damu katika glomerulasi, na chujio ni glomerulasi yenyewe. Tezi ya shingo ikilegea, huathiri kwanza pampu na koki.

JINSI ATHARI INAVYOFIKA FIGONI

Njia ya kwanza ni moyo. Homoni ya tezi ikipungua, moyo hupiga polepole na kwa nguvu ndogo. Ikiwa damu isukumwayo kwa dakika imeshuka, kwa mfano, kutoka lita 5 hadi lita 3.5, basi sehemu ya figo, ambayo ni moja ya tano, imeshuka kutoka lita 1 hadi lita 0.7.

Njia ya pili ni mishipa. Homoni za tezi husaidia kuta za mishipa ya damu kulegea na kutanuka. Zikikosekana, mishipa hujibana, ikiwamo ile ya figoni. Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kanuni ya Poiseuille, kwamba mtiririko katika mrija hufuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo chake. Mrija ukipungua nusu kipenyo kwa asilimia 10 tu, mtiririko, kwa makadirio ya kanuni hiyo, huwa 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.66 ya ule wa awali. Kubanwa kidogo kumepunguza thuluthi nzima.

Njia ya tatu ni ukosefu wa utetezi. Kwa kawaida figo ikipungukiwa na damu hutoa renini, ambayo huanzisha mfululizo wa homoni za kupandisha shinikizo na kuilinda kasi ya uchujaji. Kwa mtu mwenye upungufu wa homoni ya tezi, mfululizo huo nao hudhoofika. Figo hupungukiwa na damu, na wakati huo huo hupungukiwa na uwezo wa kujitetea.

Njia ya nne ni mirija ya nefroni. Kurudisha chumvi katika damu hutaka pampu ndogo za sodiamu na potasiamu zilizomo katika kuta za seli, nazo pampu hizo huongozwa kwa sehemu na homoni ya tezi. Zikilegea, chumvi hupotea katika mkojo. Aidha, umajimaji mchache ndio ufikao katika sehemu za mwisho za mirija, ambako maji ya ziada hutengwa ili yatolewe, na homoni ya kuzuia mkojo huweza kuzidi kiasi. Matokeo ni kwamba maji hubaki mwilini huku sodiamu ya damu ikishuka. Sodiamu ikishuka sana, mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia, na katika hali mbaya kabisa huweza kupoteza fahamu. Mzee aliyeanza kusahausahau na kusinzia mchana kutwa si lazima awe amezeeka akili. Damu yake yastahili kupimwa.

HESABU YA KRIATININI

Kipimo cha figo kinachotumika sana ni kile cha kriatinini, takataka itokanayo na misuli, ambayo hutolewa mwilini kwa kuchujwa na figo. Ikiwa misuli hutoa kiasi kile kile kila siku, basi uchujaji ukishuka, kriatinini katika damu hupanda kwa uwiano wa kinyume.

Tuseme mgonjwa alikuwa na mikromoli 80 za kriatinini katika kila lita ya damu, kisha uchujaji ukashuka kwa asilimia 40, ukabaki 0.6 ya ule wa awali. Kriatinini mpya itakuwa 80 ÷ 0.6, yaani mikromoli 133. Mfano huu haukuchaguliwa ovyo: upungufu wa uchujaji wa kadiri hiyo umeandikwa na watafiti kwa wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa homoni ya tezi, na kriatinini iliyopanda imeonekana kwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huo.

Lakini hesabu hii ina mtego. Upungufu wa homoni ya tezi huathiri pia misuli yenyewe, hata ikauma na kukakamaa, na baadhi ya ongezeko la kriatinini laweza kutoka huko. Kipimo kingine cha figo, kiitwacho sistatini C, hudanganya kwa upande wa pili: seli huitengeneza kidogo homoni ya tezi inapopungua, na hivyo figo huonekana nzima kuliko zilivyo. Kwa hiyo vipimo hivi viwili vyaweza kupingana kwa mgonjwa mmoja siku moja. Kupingana huko kwenyewe ni ishara ya kuiangalia tezi.

UVIMBE WA AINA MBILI

Mtu mwenye figo mbovu huvimba, na mtu mwenye tezi iliyolegea huvimba vile vile. Hata hivyo ipo njia nyepesi ya kuanza kuzitofautisha. Uvimbe wa figo aghalabu ni wa maji na chumvi: ukibonyeza mguu kwa kidole kwa muda kisha ukaondoa, hubaki shimo. Uvimbe wa tezi hutokana na vitu vya namna ya utelezi vinavyojikusanya chini ya ngozi na kushika maji. Ukibonyeza, kwa kawaida shimo halibaki. Njia hii haitoshi kutoa uamuzi, maana mgonjwa mmoja aweza kuwa na uvimbe wa aina zote mbili. Uamuzi ni wa maabara. Inafaa pia ifahamike kwamba upungufu wa homoni ya tezi huweza kuifanya glomerulasi ivujishe protini kidogo, na hivyo mkojo nao ukaonekana kama wa mgonjwa wa figo.

Yafaa kuongeza kwamba njia kati ya viungo hivi ina pande mbili. Figo iliyougua kweli, kwa maradhi kama kisukari au shinikizo la damu, hupunguza kuigeuza thairoksini kuwa homoni yenye nguvu. Figo inayovujisha protini nyingi hupoteza pamoja nazo zile zinazobeba homoni za tezi katika damu. Kwa sababu hiyo, tabibu akikuta magonjwa yote mawili kwa mtu mmoja, kazi yake ni kutafuta lipi lilitangulia.

MADINI JOTO, CHUMVI NA MUHOGO

Watu wa pwani huweza kudhani kwamba habari za rovu, ambalo wengi huliita goita, ni za watu wa bara tu. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1980 rovu lilienea zaidi katika nyanda za juu, kama mikoa ya Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma, na kwamba samaki wa baharini wana madini joto. Lakini chumvi ya bahari peke yake haitoshi, na jambo hili laweza kuthibitishwa kwa hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi na mikrogramu 60 hivi za iodini. Hata kama iodini yote ingebaki wakati maji yanapokaushwa katika mashamba ya chumvi ya Tanga na Mkinga, gramu 5 za chumvi zingekuwa na 60 × 5 ÷ 35, yaani mikrogramu 9 tu. Mtu mzima huhitaji 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Chumvi iliyotiwa miligramu 30 za madini joto katika kila kilo hutoa mikrogramu 150 katika gramu hizo hizo 5.

Ndiyo sababu Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini mwaka 1986 katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 ikaweka sheria ya kutia madini joto katika chumvi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 kwa watoto wa shule ulionyesha kuwa rovu limeshuka hadi asilimia 6.9, ilhali katika miaka ya 1980 lilikadiriwa kuwa asilimia 25. Kipimo kilichotumika kujua kiasi cha madini joto mwilini kilikuwa mkojo wa watoto hao, kwa kuwa takribani asilimia 90 ya iodini iliwayo hutolewa na figo. Uchunguzi huo ulionyesha pia kuwa baadhi ya watoto walikuwa na madini joto kupita kiasi. Hilo nalo si jema, maana wingi wa iodini huweza kuilegeza tezi kama uhaba wake.

Muhogo nao una nafasi yake. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huacha sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thiosianeti, na thiosianeti huizuia tezi kunyakua iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu nchini Kongo, watafiti walionyesha kwamba uhaba wa iodini ulikuwepo kisiwa kizima, lakini rovu lilienea sana kaskazini na kuwa haba kusini-magharibi. Muhogo ulioliwa kaskazini ndio ulioongeza madhara. Fundisho lake si kuuacha muhogo, bali kuuloweka na kuukausha kama ipasavyo, na kutumia chumvi yenye madini joto.

TIBA NA TAHADHARI

Mwaka 1891, tabibu Mwingereza George Murray alimdunga mgonjwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mgonjwa huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 46, aliishi miaka 28 zaidi kwa tiba ya namna hiyo. Leo hutumika vidonge vya thairoksini iliyotengenezwa viwandani. Humezwa asubuhi kabla ya kula, mbali na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, ambavyo huzuia dawa isiingie mwilini. Mara nyingi hutumiwa maisha yote. Kriatinini iliyopanda kwa sababu ya tezi hushuka katika wiki au miezi ya kwanza ya tiba. Isiposhuka, tabibu hujua kwamba figo zina ugonjwa wao wenyewe.

Ziko tahadhari tatu. Kwanza, si kila kriatinini iliyopanda hutoka kwa tezi. Kisukari na shinikizo la damu ni sababu za kawaida zaidi, na mgonjwa asiache dawa zake kwa kutumaini kuwa ni tezi. Pili, thairoksini isimezwe bila kipimo na usimamizi, hasa na mzee au mwenye ugonjwa wa moyo, kwa kuwa moyo uliozoea kwenda polepole waweza kudhurika ukiharakishwa ghafula. Tatu, mtu ambaye uchujaji wake umeshuka hukawia kutoa baadhi ya dawa mwilini. Dozi iliyomfaa jana yaweza kumzidi leo. Dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani bila ushauri ndizo za kuogopewa mapema.

Sasa turudi kwa yule mama wa Nguvumali. Akifika katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, au hospitali nyingine yoyote, akaeleza uvimbe wa uso peke yake, atakuwa ametoa nusu ya habari. Akieleza pia baridi, ukavu wa ngozi, uzito wa sauti na ugumu wa choo, atakuwa amempa tabibu sababu ya kuagiza kipimo cha TSH pamoja na kile cha kriatinini. Ikionekana kuwa tezi ndiyo iliyolegea, kidonge kimoja kwa siku chaweza kuziamsha figo ambazo wengine walikwisha kuzikatia tamaa.

MASWALI YA DARASANI

1. Uchujaji wa mtu umeshuka kutoka mililita 125 hadi mililita 75 kwa dakika. Umajimaji unaochujwa kwa siku ni lita ngapi? Ikiwa kriatinini yake ilikuwa mikromoli 72 katika lita, sasa itakuwa ngapi?

2. Eleza kwa nini kiasi cha mkojo peke yake hakitoshi kuonyesha kuwa figo zinachuja vizuri.

3. Kwa kutumia mfano wa Mto Zigi, taja sehemu ya mwili inayolingana na bomba lililoziba baada ya chujio. Je, kulegea kwa tezi ya shingo kwaweza kuleta hitilafu ya namna hiyo? Toa sababu.

4. Chunguza pakiti ya chumvi itumikayo nyumbani kwenu. Imeandikwa kiasi gani cha madini joto? Kokotoa mikrogramu zilizomo katika gramu 5, kisha uzilinganishe na mahitaji ya mtu mzima na ya mama mjamzito.